Vitabu Vyetu Havitoki na Makosa

Mlipokuja juzi kuchukua mashine ya kukatia karatasi, mmoja wenu, yule binti mwenye miwani, aliniuliza kama kuna siri ya kazi ambayo bado sijawaambia. Nikamjibu kwamba kisu kinataka kunolewa mara kwa mara na vidole vikae mbali. Mkacheka, mkaipakia mashine kwenye bajaji, mkaenda zenu. Nilipofunga mlango nilikaa na moyo mzito, kwa sababu nilikuwa nimewadanganya. Siri ipo, tena ni moja tu. Nimeishi nayo peke yangu muda mrefu, na kwa kuwa sasa jina la Mfongo, kiwanda chetu kidogo cha vitabu, liko mikononi mwenu, hiyo siri nayo ichukueni.

Ila mnivumilie. Mzee akianza kusimulia kazi yake hafuati barabara ya lami, anakatiza migombani.

Nyinyi mmeikuta Mfongo ina kompyuta mbili na ukurasa wa mtandaoni. Mimi niliikuta ni chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari pale Rau, chenye dirisha moja na harufu ya gundi. Aliyeianzisha ni Mama Aikande, mwalimu mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Aliipa jina la ile mifereji ya wazee wetu inayoshusha maji kutoka mlimani, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa zamu yake. Alisema mashairi yanashuka vivyo hivyo, na kazi yetu si kuyatunga, ni kuzibua majani yanayoziba njia. Niliajiriwa kuwa msahihishaji. Baadaye nikawa pia mpanga kurasa, mkunja karatasi na mfagiaji, maana ofisi nzima tulikuwa wawili.

Washairi wetu hawakuwa watu wa kuleta miswada. Walikuwa watu wa kusimama na kusema: kwenye kumbi za zamani za kahawa, kwenye harusi, pembeni ya soko la Kiboriloni siku limefurika. Mtu anasema shairi dakika saba, muuza mitumba anasahau kuita wateja. Akimaliza, watu wanataka kuondoka na kitu mkononi, na kitu hicho ndicho kilikuwa kazi yetu. Kijitabu cha kurasa thelathini na mbili, kava ya manila, pini mbili katikati, mshairi anakiuza mwenyewe jasho halijamkauka.

Thelathini na mbili, kwa sababu inagawanyika kwa nne. Haya mnayaona ya kitoto, lakini mimi niliyajua kwa kuaibika. Kitabu changu cha kwanza nilikipanga kurasa thelathini. Karatasi iliyokunjwa katikati haijui thelathini, kwa hiyo kikatoka na kurasa mbili tupu mwishoni, nakala zote. Nilitaka kulia. Mshairi mwenyewe alizitazama, akasema, "Hizi ni za kunijibu." Jukwaani akatangaza hivyo hivyo, na watu wakaziandika kweli. Mmoja alimjibu kwa hesabu ya mbolea.

Kuna mengine ambayo hayako kwenye kompyuta zenu. Masika gundi haikauki, msidanganywe na maandishi ya kwenye kopo. Mwezi wa saba ukungu ukishuka, kava zinajikunja kama chapati. Mkunjo upigwe kwa mgongo wa kijiko, usipigwe kwa ukucha, maana ukucha unaacha uchafu. Siku moja nilianika kava mia karibu na jiko la mkaa ili zikauke upesi, nikaenda kunywa chai. Mama Aikande aliporudi alishika moja iliyogeuka kahawia pembeni, akainusa, akaniuliza, "Wewe, umechapa au umeoka?"

Lakini jambo kubwa alilonifundisha lilikuwa jingine. Aliniambia siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo. Mshairi wa jukwaani umsikilize mara tatu kabla hujashika kalamu. Mara ya kwanza msikilize kwa masikio. Mara ya pili msikilize kwa macho. Mara ya tatu usimtazame kabisa, watazame watu. Ukishafanya hivyo utajua mstari unaishia wapi, na utajua ni maneno gani si maneno.

"Maneno gani si maneno?" nikamuuliza.

"Utayaona," akasema. "Usipoyaona, omba kazi benki."

Nilitii miaka mingi. Nilipanda hadi Machame na kushuka hadi kwenye mashamba ya miwa, nikakaa kwenye mabenchi ya kila aina. Nilijifunza kwamba mshairi akivuta pumzi hapo ndipo mstari unakatika, hata kama sarufi inalia. Nilijifunza pia kugombana. Kulikuwa na kijana mmoja, Kelvin, mlimani wanamfahamu wote, mashairi yake nusu Kiswahili cha shule na nusu cha Dar. Nilimrudishia shairi lake nimelitia alama zote zinazostahili. Akalisoma, akakuna kichwa.

"Mzee, shikamoo tena. Hizi koma ni za nini? Zinanikaba. Mi nikisema hapa sipumui, natiririka tu, yaani flo."

"Marahaba. Koma ni adabu," nikamwambia.

"Sawa mzee, ila hii adabu imezidi, hadi nakohoa."

Toka siku hiyo washairi wote wakaniita Mzee Koma. Sikukasirika. Kusema kweli nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Mimi ni mtoto wa Machame. Kwetu ulimi haukuzaliwa na th wala dh. Tulisema selasini, tulisema zahabu, na tukaelewana vizuri kabisa, mpaka tulipofika darasa la nne kwa mwalimu mmoja aliyetoka pwani. Aliyesema "selasini" alisimamishwa mbele, ulimi katikati ya meno, asiurudishe ndani mpaka kipindi kiishe. Mate yanadondoka kwenye shati, wenzako wanacheka. Nilisimama pale mara nyingi kuliko mtoto mwingine yeyote. Mwishowe nilijifunza, nikajifunza kupita kiasi, na tangu hapo kila nikimsikia mtu wa kwetu anateleza kwenye herufi hizo, nilihisi shati langu linalowa upya. Nilikuwa nikimsahihisha haraka, kama mtu anayemfunika mwenzake aliyefunuliwa na upepo. Watu waliuita ustadi. Ulikuwa ugonjwa.

Mama Ndeshi alikuwa mjane wa Machame ya juu. Mumewe alikuwa fundi seremala, na kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba yao alikitengeneza kwa mkono wake, kwa mbao za mringaringa: kitanda, kabati la vyombo, meza, na viti sita vyenye ua dogo lililochongwa kwenye egemeo. Alipokufa, matanga yalipoanuliwa, kaka mkubwa wa marehemu aitwaye Anaeli alikuja na kigari cha kirikuu na vijana wanne. Wakabeba samani yote. Alisema miti ilikatwa kwenye kihamba cha baba yao, kwa hiyo ni mali ya ukoo. Mama Ndeshi alibaki na godoro sakafuni.

Hakuwa mtu wa kesi. Alikuwa mtu wa kusema. Akatunga shairi akalisema kwenye kikundi cha akina mama, wakalia. Akaombwa aliseme kwenye harusi, halafu kwenye ukumbi, halafu Kiboriloni sokoni. Kila alipolisema, kulikuwa na mtu pale aliyemjua Anaeli, na Anaeli alikuwa mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani. Alianza kupunguza kwenda ibadani. Ndipo Mama Ndeshi akaja kwa Mama Aikande na ombi: shairi lake, pamoja na mengine aliyokuwa ameyatunga, lichapwe kabla ya Krismasi. Nyinyi mnaijua Krismasi ya kwetu, ukoo mzima unapanda mlimani kutoka Dar, kutoka Arusha, kutoka Mwanza, na mambo ya ukoo yanaamuliwa hapo. Watu wa mbali walikuwa hawajamsikia. Alitaka kitabu kiwe mezani siku ya kikao, wasome, waone aibu, wamrudishie vitu vyake.

Haya yote nawaeleza leo nikiwa nayajua. Wakati ule sikuyajua. Mama Aikande alikuwa ameshapata mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, hawezi kusoma hata kichwa cha gazeti, na miguu ilikuwa imevimba. Aliniita kitandani kwake, akaniambia yuko mjane Machame, kitabu chake kitoke kabla ya Krismasi, na niende nikamsikilize mara tatu.

Sikwenda hata mara moja.

Nilisema goti linaniuma. Goti halikuwa linauma. Ilikuwa mvua za vuli, barabara ya juu ni utelezi, na mimi nilikuwa nimeshajiona nimeiva. Miaka yote hiyo ya kusikiliza, kwani masikio yangu hayajatosha? Nikamtuma Kelvin na simu yake. Akarudi jioni amelowa hadi soksi, macho yanang'aa.

"Mzee, huyu mama ni noma. Inabidi umwone mwenyewe. Yaani mikono yake..."

"Mikono haichapwi," nikamwambia. "Leta sauti."

Nikavaa vile vidude vya masikioni, nikasikiliza, nikaandika. Shairi lenyewe lilikuwa fupi:

*Samani yangu imetoka mlangoni,*
*imetangulia miguu kama marehemu.*
*Hii, na hii, na hii.*
*Aliyeitengeneza yuko chini, hasemi.*
*Samani yangu, nitarudishiwa na nani?*

Hivyo ndivyo alivyosema. Lakini mimi sikusikia hivyo. Nilisikia mama wa mlimani anayeshindwa kusema "thamani". Nilisikia darasa la nne. Nikamfunika haraka: *Thamani yangu imetoka mlangoni.* Kisha nikakaa nikaistaajabia. Thamani yenye miguu! Thamani inayobebwa kama maiti! Aliyeitengeneza yuko chini, yaani mume ndiye aliyempa thamani, na mume amezikwa. Kila neno likakaa mahali pake vizuri kabisa. Hilo ndilo baya la kosa zuri, vijana wangu. Kosa baya unaliona upesi. Kosa zuri linakukaribisha chai.

Ule mstari wa "hii, na hii, na hii" niliuona hauna kazi. Nikakata "hii" mbili, nikaacha moja.

Msiseme sikuhakiki. Nilihakiki. Mama Ndeshi alikuwa hasomi vizuri, kwa hiyo nilimpigia simu nikamsomea shairi lote, polepole, na th zangu zote kamili. Kwenye simu, th na s ni mapacha. Alisikia neno lake lile lile, limevaa koti tu.

"Ni lenyewe," akasema. "Ila unalisema vizuri, mbe, kama wa redioni."

Nikavimba kichwa, na ile "mbe" ya heshima ya kwetu ikanizidishia. Nikamuuliza anataka kitabu kimfanyie nini, maana huwa tunauliza.

"Nataka wanirudishie samani yangu."

"Utarudishiwa, mama," nikamjibu. "Thamani ya mtu haipotei."

Bila shaka alifikiri ndivyo watu wa vitabu wanavyozungumza. Kisha akanishukuru, "Aika, mbe," na simu ikakatika.

Kitabu kilitoka kwa wakati. Kava ya bluu, mkunjo safi, hakuna pini iliyopinda. Siku mbili baada ya Krismasi Kelvin alinipakia kwenye pikipiki yake na nakala ishirini kwenye begi, tukapanda Machame, kwa kuwa Mama Ndeshi alitaka watu wa kitabu wawepo kama mashahidi wake. Kikao kilikuwa uani kwa Anaeli. Watu kama arobaini, kreti za soda, pombe ya mbege kwenye ndoo, watoto waliozaliwa mjini wanaoogopa ng'ombe. Tukawasalimu wazee shikamoo zao, tukagawa vitabu, tukapewa benchi la pembeni.

Mwenyekiti wa kikao alimpa Mama Ndeshi nafasi. Akasimama katikati ya uwanja, mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijani. Hakushika kitabu. Akaanza.

Alipofika kwenye "hii", akashusha kiganja hadi usawa wa goti. Ilikuwa kiti. Kila mtu uwanjani alikiona. "Na hii," kiganja kikapanda juu ya kichwa, akasimama kwenye ncha za vidole, ikawa kabati. "Na hii," akafungua mikono yote miwili, akaifungua zaidi, na kichwa akakilaza kidogo upande. Ikawa kitanda, tena kitanda cha watu wawili.

Nilielewa papo hapo, bila kusaidiwa na mtu. Nikafungua kitabu changu ukurasa wa tisa, nikalitazama neno nililoliandika, na nikatamani benchi lile linimeze. Kelvin naye alikuwa amefungua pale pale. Akageuka akanitazama.

Mama mmoja aliyetoka Dar alikuwa anajifuta macho kwa kanga. Kama kikao kingeamuliwa dakika ile, vitu vyote vingerudi kabla ya giza, naapa. Lakini Anaeli alivaa miwani, akanyanyua kitabu, akasoma kwa sauti ya kanisani.

"'Thamani yangu imetoka mlangoni.' Ndugu zangu, mmesikia? Sisi tulidhani shemeji analalamikia vitanda. Kumbe analalamikia thamani. Na hapo ana haki. Tulimsahau. Hatukumpa thamani yake kama mke wa marehemu."

"Nimesema samani," Mama Ndeshi akasema.

"Ndiyo, shemeji. Thamani. Tumesikia."

"Samani!"

"Thamani, ndiyo. Imeandikwa."

Mnaona alivyofungwa? Mdomo wake ulikuwa hauna namna ya kujitetea. Kila alivyolirudia, aliwapa neno lao. Angeweza kutaja kitanda, angeweza kutaja kabati, na nadhani alikuwa karibu kutaja. Lakini kwanza aligeuka akanitafuta kwa macho kwenye lile benchi, akaninyooshea mkono.

"Mwulizeni yeye. Yeye ndiye aliyeandika. Anajua."

Mwenyekiti akanigeukia kwa heshima. "Mzee wa vitabu, hebu tusaidie. Hapa kwenye kitabu pana kosa?"

Vijana wangu, swali lilikuwa rahisi kuliko yote niliyowahi kuulizwa maishani. Jibu lake ni silabi nne: ndiyo, pana. Kelvin alikuwa ananivuta shati kwa nyuma. Watu arobaini wakinitazama, wengine wametoka vyuo vikuu, na mimi nimesimama mbele yao, na kitu pekee nilichohisi ni ulimi wangu katikati ya meno na mate yakishuka shatini.

"Vitabu vyetu havitoki na makosa," nikasema.

Mama Ndeshi alishusha mkono. Hakubisha tena. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama daktari, akijaribu kuamini kwamba ninajua kitu asichokijua yeye. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Nadhani kwa muda ule mfupi alifikiri labda kweli alisema thamani.

Msije mkafikiri ukoo ule ulidanganyika. Kila mtu uwanjani alijua kinachozungumzwa, mikono yake ilikuwa imeshasema. Walichohitaji ni mahali pa kujificha, na mahali hapo nilikuwa nimewachapia mimi, nakala ishirini, mkunjo safi. Wakaamua wampe thamani yake. Walichanga hapo hapo wakamvika kitenge, wakapiga makofi. Anaeli akaagiza kiti kiletwe kutoka ndani, shemeji akae mbele na wazee. Kijana akakileta. Kilikuwa cha mbao za mringaringa, na kwenye egemeo kilikuwa na ua dogo.

Akakaa. Angefanya nini? Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, amekaribishwa kama mgeni, kitenge kipya mabegani, mikono mapajani. Nilimwona anapitisha kidole taratibu pembeni ya ubao, chini, pale ambapo watu hawaoni. Kikao kilipoisha kiti kikarudishwa ndani kwa Anaeli.

Tulishuka mlima. Pale njia ya Machame inapokutana na lami Kelvin alisimamisha pikipiki, akavua kofia ngumu, akaniambia, "Mzee, mi nakuheshimu. Ila leo umezingua." Hakuleta shairi kwetu tena. Mashairi yake ya siku hizi mnayaona mitandaoni, hayana koma hata moja, na yuko sahihi.

Nilimweleza Mama Aikande yote, kando ya kitanda chake. Alisikiliza macho yamefumbwa.

"Ulimsikiliza mara ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

Hakunigombeza, na ningeona nafuu kama angenigombeza. Aligeukia ukutani akavuta blanketi. Masika yaliyofuata tulimzika, na kati ya siku ile na siku hiyo tulizungumza habari za karatasi na wino tu.

Nilijaribu kurekebisha. Nilichapa vikaratasi: *Ukurasa wa tisa, badala ya "thamani" soma "samani".* Nikazunguka navyo Kiboriloni nikimtafuta kila aliyenunua kitabu, nikimbandikia kimoja kwa mkono wangu. Watu walidhani natania. Muuza nyanya mmoja aliniuliza kama herufi mbili zina thamani ya nauli niliyotumia, na aliposema hivyo alisema "samani", nikambandikia chake nikaondoka. Zile ishirini za ukoo sikuzipata. Niliandika barua kwa mwenyekiti nikakiri kila kitu, nikajibiwa kwa ujumbe wa simu kwamba kikao kimeshafungwa na tuonane Krismasi nyingine. Krismasi nyingine nilikwenda. Hawakuliweka kwenye ajenda.

Niliendelea na kazi hadi nilipostaafu, na nilifanya kazi nzuri. Hilo nalo niliseme, maana si haki kujitukana kwa kila kitu. Lakini Mama Ndeshi hakusimama tena mbele ya watu. Walimwomba harusini akakataa, wakamwomba kwenye kikundi cha akina mama akasema ameshasahau. Nikasikia kwamba wajukuu wake waliwahi kumkuta jikoni peke yake, ulimi katikati ya meno, anajaribu kulisema lile neno la kwenye kitabu.

Kwa hiyo, binti mwenye miwani, ile siri uliyoniuliza ndiyo hii. Sauti aliyoirekodi Kelvin siku ile ya mvua bado ninayo, aliniachia. Nitawaletea. Mtaisikiliza na kuiandika, na nina hakika zaidi ya nusu yenu mtaandika "thamani", kwa sababu nyinyi nanyi mmesoma. Kisha nitasimama, goti langu sasa linauma kweli, nami nitawaonyesha mikono yake ilivyokwenda. Goti, juu ya kichwa, halafu wazi kabisa. Toleo sahihi la shairi lile halipo popote isipokuwa kwenye mikono ya mzee huyu, na mzee huyu hana siku nyingi. Mlijifunze.

Miezi mitatu baada ya kile kikao nilipata ujasiri wa kwenda kwake. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikalifunga fundo kama tunavyofanya, maana kwetu ukipelekewa jani hilo na aliyekukosea, huwezi kumkatalia msamaha. Nilipanda kwa miguu kutoka kituoni, kwenye utelezi ule ule niliouogopa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayasahihisha, nayapanga upya.

Alifungua mlango mwenyewe. Nikaingia. Palikuwa na godoro sakafuni limetandikwa vizuri, ndoo ya maji, na vyombo vimefunikwa kwa kitambaa juu ya boksi. Kitabu cha bluu kilikuwa dirishani. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, na maneno yote niliyoyapanga nikayasahau. Akalitazama jani, akalipokea. Halafu akatazama huku na huku chumbani, akaona haya, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Nisamehe, mbe," akasema. "Sina pa kukukalisha."